Vidole Saba vya Mwalimu Witne

Vidole saba kati ya kumi vya Mwalimu Witne havijui tena tofauti ya jiwe na kiazi. Waliovichoma wanaishi bado bondeni kwetu. Wanapalilia kahawa yao, Jumapili wanaimba kanisani, na tukikutana njiani wananiuliza habari za nyumbani. Ninawaitikia, kwa kuwa ni wajomba, baba wadogo na binamu zangu. Lakini nimechoka kusikia kisa hiki kikisimuliwa kana kwamba mvua ilinyesha tu, na mwanamke mmoja akalowa.

Witne alikuja kwetu akiwa bibi harusi, kutoka bonde la chini, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Aliolewa na Kaupa, mdogo wa baba yangu, ndiyo maana mimi humwita mama mdogo. Mwaka wa tano wa ndoa yao Kaupa alipigwa mshale wa shingo katika vita vya mpaka, akafa kabla hajafikishwa nyumbani. Hawakuwa wamepata mtoto. Wanaume wa ukoo wakakaa, wakaamua kwamba mjane achukuliwe na Bal, binamu wa marehemu. Bal akaja na nguruwe mmoja mwembamba na maneno mengi. Witne alikuwa shambani anachimba viazi vitamu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamtandika kwa mti wa kuchimbia. Meno mawili ya mbele ya Bal yalibaki kwenye tuta. Bonde zima lilicheka mwaka mzima. Bal akaondoka kwenda kutafuta kazi mgodini, na alirudi miaka kumi na mbili baadaye, pengo likiwa palepale, na watu wakiwa bado wanalikumbuka.

Katika miaka hiyo Witne alikuwa amegeuka mwalimu. Alisoma darasa la sita tu, lakini serikali ilipotaka watu wa kufundisha watoto wadogo kwa lugha ya nyumbani, yeye peke yake ndiye aliyejitokeza. Wakampa ghala la zamani la kukaushia kahawa. Sakafu ya udongo, kuta za mianzi iliyofumwa, watoto thelathini na moja wa miaka mitano na sita, pua zinatiririka.

Mimi nilirudi kutoka chuo cha ualimu cha Goroka nikapangiwa darasa la tatu, chumba cha pili kutoka kwake. Nilikuja na daftari limejaa mambo mapya. Moja lilikuwa somo la milango mitano ya fahamu: jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi. Nilimchorea kwenye boksi la biskuti. Alilitazama, akacheka.

"Baba, wewe ulikwenda chuo miaka mitatu kujifunza kwamba mtoto ana pua?"

"Mama mdogo, si kujua kwamba anayo. Ni kumfanya aitumie."

"Haya. Hilo nitalifanya vizuri kuliko wewe."

Na alilifanya vizuri kuliko mimi. Alichukua bilumu yake kubwa, ule mfuko wa kamba ambao mama zetu hubebea viazi na watoto, akaweka ndani jiwe la mto, unyoya wa kasuari, kipande cha ngozi kavu ya nguruwe, ganda la konokono, kiazi kibichi. Mtoto anafungwa kitambaa machoni, anaingiza mkono, anasema alichokishika. Aligawa mirija ya mianzi yenye kokoto, yenye mbegu, yenye mchanga, watoto wakitikisa na kubishana. Kwa upande wa pua alifuata boksi langu: chupa tano za soda zilizotobolewa vifuniko, moja ina mafuta ya taa, nyingine tangawizi iliyopondwa, nyingine mafuta ya nguruwe, majivu, maua ya kahawa.

"Mwalimu, Dilu anachungulia!"

"Sichungulii! Pua yangu ndiyo inayoona."

"Pua ina macho wapi, wewe kichwa cha panzi?"

"Ina matundu mawili. Macho mangapi hayo?"

Darasa likaanguka kwa kicheko, na Witne akacheka hadi akakaa chini. Dilu alikuwa mtoto wa Siune, kaka yake Bal. Alikuwa na miaka sita na hakuwahi kukosa jibu.

Siku ya ulimi walionja muwa, chumvi, ndimu, tangawizi na majani machungu. Kanuni ilikuwa moja, na nilikuwa nimeiandika mimi kwa herufi kubwa: nusa kwanza, kisha onja. Thelathini na moja walitafuna, wakakunja nyuso, wakatema.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa. Kwetu mtu haachi alichotafuna. Kipande cha muwa kilichopita kinywani mwako unakibeba, unakitupia motoni au mtoni, kwa sababu adui akikiokota anacho kipande chako, na anaweza kukipikia dawa. Hata kitoto kinachotambaa mama yake hukiokotea. Witne alikuwa ameishi kwetu miaka kumi na saba na alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Siku zote watoto walibeba masalia yao kwenda nayo nyumbani. Lakini kesho yake mkaguzi wa elimu alikuwa anakuja, na mkaguzi huyo alipenda sakafu safi. Watoto walikwishakimbia nje. Witne akazoa makapi yote kwa mikono, akayatia kwenye bilumu kuukuu, akaitundika nyuma ya ghala ili jioni ampelekee nguruwe wake. Mkaguzi akaja, akasifu, akaondoka. Bilumu ikasahauliwa msumarini.

Siku mbili baadaye Dilu alikuja shuleni midomo imevimba. Ulimi ulikuwa umechubuka, mwekundu, kama uliomwagiwa maji ya moto. Akatapika mlangoni. Witne alimwinua, na alipomweka begani akasikia harufu kwenye shati lake, harufu nzito ya kitu kilichooza pamoja na mafuta. Kila mtu mwenye kahawa anaijua. Ni dawa ya kuulia magugu, ile ya buluu, ambayo wanaume hubeba kwenye bomba mgongoni.

Alimbeba mtoto hadi kwa baba yake. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Shemeji Siune, mtoto huyu ananuka dawa ya magugu. Amekunywa."

Siune alikuwa ananoa panga. Hakuinua uso. "Shamba zima linanuka dawa, mama mwalimu. Mimi mwenyewe nanuka."

"Mdomo wake umeungua. Mpeleke mjini leo."

"Umeungua kwa tangawizi zako. Nani alimlisha tangawizi na ndimu? Mtoto wa miaka sita!"

Alimnyakua mtoto, akaingia ndani. Zahanati yetu ilikuwa imefungwa, mhudumu amekwenda kufuata mshahara. Nilimsihi Siune tumbebe mtoto mpaka barabarani. Akaniambia chuo kimenifanya niwe na mdomo mrefu. Ningeweza kumchukua Dilu kwa nguvu. Sikumchukua.

Siku ya tatu mtoto akaonekana nafuu, akala kiazi kilichopondwa, na watu wakamcheka Witne kwa kelele zake. Siku ya sita akaanza kuhema. Siku ya nane alikufa mikononi mwa mama yake, aitwaye Kama, akivuta hewa kama samaki aliyetupwa ukingoni.

Msiba ulikaa siku nne. Mama Dilu alijipaka tope la rangi ya majivu kichwani hadi miguuni, usoni, masikioni, puani, kama wafiwa wetu wanavyofanya, na shati la mwanawe akalifunga shingoni. Alilia mpaka sauti ikakatika. Siku ya tano asubuhi Bal, akitafuta kuni, akapita nyuma ya ghala, akaiona bilumu.

Sijui kama kweli alikuwa anatafuta kuni. Ninachojua ni kwamba alirudi msibani ameishika kwa ncha ya fimbo, akaimwaga katikati ya watu. Makapi ya muwa yakatawanyika, yamekauka, alama za meno madogo zikionekana.

"Tazameni!" alipiga kelele. "Meno ya watoto wenu! Wote! Amekula moyo wa Dilu, na wengine amewapanga foleni!"

Kwetu husemwa mchawi humtoa mtu moyo akauficha au akaula, na hakuna aliyeuliza swali. Kila mama alikuwa na mtoto kwenye makapi yale. Mayowe yaliyopigwa pale sijawahi kuyasikia hata vitani. Wanaume kama arobaini walishuka mbio kuelekea shuleni, mapanga na mashoka mikononi, vijana wengine wamekwishavuta bangi asubuhi ile. Nilipita njia ya mkato, nikafika mbele yao hatua ishirini tu.

"Mama mdogo, kimbia!"

Alikuwa anawafunga watoto vitambaa. "Nikikimbia watasema kweli," alisema, "na watoto hawa watakanyagwa." Akawatoa kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wameshikana mashati, baadhi bado wamefungwa macho.

Mlango ulivunjwa kwa shoka. Nilisimama mbele yake, na binamu yangu mwenyewe, ambaye tulinyonya pamoja, akanipiga kwa ubapa wa panga, mfupa wa bega ukavunjika. Nilisikia ulivyolia. Watu watatu wakaniburuta nje, wakanikalia mgongoni. Witne walimvuta kwa nywele hadi uwanja wa shule, wakamfunga kwenye nguzo ya goli. Ghala likawashwa moto. Chupa za soda zilipasuka ndani, moja baada ya nyingine, na harufu ya maua ya kahawa ikatoka na moshi.

Katika moto ule Bal aliingiza vyuma viwili vya ujenzi. Akasubiri viwe vyekundu. Pengo lake lilikuwa wazi, maana alikuwa anatabasamu.

"Umeuficha wapi moyo wa mtoto? Urudishe."

"Moyo wake uko kifuani mwake, kaburini."

Akamkamata mkono wa kulia, akaubana kwenye nguzo, akabandika chuma kwenye vidole. Witne alipiga yowe moja refu, na ngozi ikatoa mlio wa mafuta kwenye kikaango. Wanawake wengine walifunika macho. Hakuna aliyesema basi. Mchungaji wa kanisa letu alikuwepo, ameshika kitabu chake, akitazama milima.

"Uko wapi?"

"Amekunywa dawa ya magugu! Nilimwambia baba yake siku ileile! Siune, sema!"

Watu wakamgeukia Siune. Alikuwa amesimama kando, tope limemkauka usoni, halafu akatikisa kichwa.

"Mwongo," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuniambia kitu."

"Alikuambia mbele yangu!" nilipiga kelele kutoka mavumbini. "Baba mdogo Siune, nilikuwepo!" Mtu akanikanyaga mdomo. Jino langu likaniingia ulimini.

Chuma cha pili. Mkono wa kushoto. Sauti ya Witne ilikuwa imekwishabadilika, haikuwa ya mtu. Bal akarudia: uko wapi, uko wapi, uko wapi. Vijana wakaanza kuleta matairi mawili yaliyokuwa mipaka ya uwanja wa watoto, na kila mtu mzima pale alijua matairi yanaletewa nini.

Ndipo Witne alipoacha kuongea na wanaume. Alimtafuta Kama kwa macho, akamwona amesimama na wanawake, shati shingoni.

"Kama," alisema. "Dada. Futa tope puani."

"Usimsemeshe!" Bal akapaza sauti.

"Futa tope puani, unuse shati la mtoto. Mimi niueni baadaye. Nusa kwanza."

Mama Dilu hakuelewa, au alielewa polepole. Alitazama chini, kwenye lile shati alilolivaa siku tano bila kuhisi kitu chochote, kwa sababu pua yake ilikuwa imezibwa na udongo na machozi. Akaingiza kidole puani, akatoa tope. Akapenga kwenye mkono. Akainua kola ya shati, akaibandika usoni, akavuta pumzi.

Kisha akageuka, akaondoka anakimbia kuelekea nyumbani kwake.

"Amekwenda wapi huyo?" mmoja akauliza.

"Amechanganyikiwa. Endelea."

"Ngoja," akasema mzee mmoja. Ni neno moja tu, na ndilo pekee lililosemwa na mtu mzima siku ile ambalo ninaweza kulikumbuka bila aibu.

Mama Dilu alirudi ameshika chupa ya soda, ya kawaida, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Ndani kulikuwa na maji ya buluu, robo imepungua. Aliitoa darini, juu ya jiko. Chini yake, alisema, kulikuwa na kigoda kimewekwa juu ya kigoda, na kando kitambaa kimefungwa fundo, kiasi cha kichwa kidogo. Dilu alikuwa amecheza shule.

Hakupiga kelele. Alimwendea mwanamume wa kwanza, akamwekea chupa chini ya pua. "Nusa." Akamsogezea shati. "Nusa na hili." Akaenda kwa wa pili. "Nusa. Sasa hili." Wa tatu alirudi nyuma, mama akamfuata, akamkamata shingo kwa nguvu. "Nusa, nimesema! Una pua au huna?" Wakanusa. Wote walikuwa wakulima wa kahawa, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Waliokuwa wamenikalia waliinuka mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kazi nyumbani.

"Amekupa yeye chupa hiyo!" Bal alisema. "Mchawi hashindwi kitu!" Akachomoa chuma kutoka motoni, akamwendea Witne, akiulenga uso.

Siune akamdaka mkono.

"Chupa ni yangu," alisema.

"Kaka, nyamaza."

"Ni yangu. Nilimimina kutoka kwenye dumu, nikaweka darini. Aliponiletea mtoto nilijua. Niliogopa mke wangu hatanisamehe." Akageukia watu. "Aliniambia. Nilijua tangu siku ile."

Bal alimpiga na kile chuma usoni, ndugu yake wa tumbo moja, na alama ipo mpaka leo kutoka sikioni hadi kidevuni. Siune hakujitetea. Aliokota shoka la mtu, akapiga goti kwenye kisiki ambacho watoto walikuwa wakikalia kula, akaweka mkono wa kushoto, akakata vidole viwili. Zamani babu zetu walikata hivyo kwa ajili ya mfu. Nilidhani ni hadithi za wazee. Damu iliruka hadi kwenye miguu ya Kama, naye akamtazama mumewe bila kusogea.

"Bado havitoshi," alimwambia.

Tulimbeba Witne kwenye magunia ya kahawa, mwendo wa saa nne hadi barabarani. Bega langu lililovunjika lilifungwa kwa kamba, nikabeba kwa bega zima. Njiani alizinduka mara moja, akaniambia, "Baba, kanuni yako ile ya kunusa kisha kuonja. Ilikuwa mbaya."

"Najua, mama mdogo."

"Na mimi niliifundisha. Tusimwachie Siune lawama peke yake."

Alikaa hospitali miezi mitatu. Ndugu zake walipanda kutoka bonde la chini, nyuso zimepakwa mkaa, pinde mikononi, na watu wetu wakatoa nguruwe kumi na wanne ili vita visiwe. Nguruwe wakagawanywa kati ya wanaume wa kule. Mwenye vidole hakupata hata mkia. Polisi walikuja, wakala, wakaandika, wakaondoka. Bal yuko huru. Nimeandika barua sita, na nitaandika ya saba, na wanaosema niache yapite nawauliza yapite yaende wapi, ikiwa mkono wa mwanamke upo palepale?

Ndugu zake walitaka arudi kwao. Alikataa. Alirudi kwetu Jumatatu moja, amebeba bilumu mpya kichwani, akaingia kwenye kibanda ambacho mimi na wazazi wachache tulikuwa tumekijenga juu ya majivu. Watoto walikuwa kumi na tisa. Walitazama mikono yake.

Mlangoni alisimama Siune, na vidole vyake vitatu vya kushoto, ameshika mkono wa bintiye wa mwisho, Ombun, wa miaka mitano. Hakuingia.

"Mama mwalimu," alisema. "Mke wangu amesema asome hapa. Ukimkataa nitaelewa."

Witne alimtazama mpaka mtoto akaanza kulia. Nilitamani amfukuze. Nasema ukweli, nilitamani amtemee mate.

"Chupa iko wapi?" aliuliza.

Siune akaitoa kwenye mfuko wake. Alikuwa ameimwaga na kuichoma mdomo kwa moto, plastiki ikayeyuka, ikaziba. Witne aliipokea kwa viganja viwili, maana vidole havikushika, akaitundika ukutani, juu, mbele ya watoto wote.

"Hii hainuswi," aliwaambia. "Haionjwi. Ukiona maji usiyoyajua, unamwita mtu mzima. Asipokuja, unapiga kelele. Asiposikia, unapiga zaidi. Tuseme pamoja."

Wakasema. Siune, mlangoni, naye akasema.

Kisha akamwita Ombun mbele. Hakumfunga kitambaa; tangu siku ile hamfungi mtoto yeyote macho. Akafungua bilumu, akaingiza mkono wake kwanza, akakishika kitu ndani, akakigeuza, akakigeuza tena. Uso wake haukuonyesha lolote.

"Mwalimu, ni nini?" mtoto akauliza.

"Sijui," Witne alisema. "Vidole vyangu haviniambii. Tia mkono wako uniambie wewe."

Ombun akamtazama baba yake, akatazama ile mikono yenye makovu. Akatia mkono hadi kwenye kiwiko.

"Baridi," alisema. "Mviringo. Ina mchanga kidogo."

"Endelea."

"Ni jiwe. La mtoni."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mwalimu. Nimelishika."

"Basi nakuamini," Witne akasema, akainua macho kumtazama Siune pale mlangoni, mpaka Siune akainamisha kichwa, akageuka kwenda shambani.